Mkanda wa Mama Yake

Alikuja Jumamosi saa nane mchana, kamera ya mkanda ikining'inia shingoni kama medali aliyojivika mwenyewe, na shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Nilikuwa kaunta nikikata picha za pasipoti. Sikuinua kichwa. Nilimtambua kwa kiatu chake cha kushoto, ambacho tangu ujana wake hukiburuta kidogo, na moyo wangu, niliokuwa nimeukanya tangu asubuhi ukae kwa adabu, ukaruka kama mbuzi aliyekata kamba.

"Fundi," akasema.

"Karibu."

"Hata kiti sipewi?"

"Kiti hicho hapo. Zamani ulikuwa unakikalia bila kuombwa."

Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, na Shangazi yangu alikuwa kwenye benchi la wateja, anatia uzi kwenye sindano. Akamtazama kwa juu ya miwani.

"Bwana Futa! Leo umekuja kupiga au kufuta?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nimeuliza swali."

Jina hilo Shangazi ndiye aliyempa, mwaka ule huyu bwana alipofungua duka la picha za kompyuta ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na studio ya baba yangu. Alikuwa anampiga mtu mmoja picha thelathini za kitambulisho. Anamwonyesha, mteja anakunja uso, anafuta, anapiga tena. Shangazi akiwa mlangoni petu, bila mteja hata wa kumsalimia, alikuwa anaimba: "Piga, futa. Piga, futa." Mimi sikuimba. Mimi nilikuwa nakumbuka. Nakumbuka ni nani aliyesimama kwenye sakafu hii akamwambia baba yangu, aliyemfundisha kazi bure miaka mitatu, "Mzee, mkanda umekufa. Tupa hizi takataka." Nakumbuka mashine mbili za kukuzia picha zilivyopakiwa kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu, na baba akazifuata hadi kona, mikono nyuma, kama anayesindikiza maiti. Ya tatu niliificha chini ya kitanda changu. Nililala juu yake miaka yote hiyo.

Halafu, miezi miwili iliyopita, Bwana Futa akavuka barabara kurudi kwetu.

Mama yake alikuwa amezikwa miezi sita kabla. Siku ya msiba alitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, akakosa. Diski iliyobeba kazi zake zote, picha elfu arobaini na kitu, ilikuwa imeanguka kutoka mezani, ikalia "tak" mara moja, basi. Simu iliibwa. Ya karatasi hakuwa nayo hata moja. Mpiga picha mzima! Wakachukua ile ya kitambulisho wakaivuta ikawa kubwa, na mama wa watu akazikwa huku anawakodolea waombolezaji macho kama mshukiwa wa wizi.

"Nimepiga picha maisha yangu yote, Fundi," aliniambia siku ile, "na sina kitu cha kushika mkononi."

Nikamwonea huruma. Huo ndio ugonjwa wangu mimi.

Mwaka mmoja kabla yake mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaurudia mkanda. Nilichoka kupiga picha ambazo hakuna anayerudi kuzitazama. Nikaitoa mashine chini ya kitanda, nikaifuta vumbi, nikaziba dirisha la stoo kwa karatasi nyeusi. Baba, ambaye tangu apatwe na kiharusi mkono wake wa kulia hautulii, aliketi pale mlangoni akinielekeza kwa kidevu. Wakaanza kuja vijana, wanataka picha zinazosubiriwa. Akaja na yeye. Jumamosi hadi Jumamosi tukawa tunasafisha mikanda pamoja ndani ya stoo ile isiyotosha watu wawili wasiopendana. Viwiko vyetu viligusana. Nilijifanya sioni. Gizani kila mtu haoni, kwa hiyo haikunigharimu kitu.

Jumamosi iliyopita akaniomba nimrudie.

Mke wake alikuwa ameondoka miaka mitatu iliyopita. Sikuuliza sababu, kwa kuwa nilidhani naijua: si alichaguliwa na mama mtu? Ndoa ya kuchaguliwa na mama, itadumu vipi? Nikamwambia, "Nitakujibu nikishamtazama mama yako. Ukiona nimeweza kumtazama bila chuki, chukua hilo liwe jibu."

Alielewa. Nilikuwa na mkanda mmoja ambao haukuwahi kusafishwa, kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Ndani yake alikuwamo mama yake.

"Umelitoa?" akauliza sasa, sauti chini.

Nikaliweka kopo juu ya kaunta.

Shangazi akashusha sindano. "Mwanangu, hilo kopo liache. Yule mama alitutukana humu humu ndani, tukiwa tumemvalia."

"Shangazi, marehemu hatukanwi," akasema yeye taratibu. "Mama alikuwa mkali, najua. Alinivunjia maisha. Lakini nimemsamehe."

"Umemsamehe!" Shangazi akapiga makofi mawili makavu. "Haya, jamani. Amemsamehe."

Nikashika mkono wa mlango wa stoo, nikaufungua, nikamtangulia.

"Mlango uwe wazi!" Shangazi akapaza sauti.

"Shangazi, ni chumba cha giza."

"Basi mkohoe! Kila baada ya dakika nisikie kikohozi, cha mmoja na cha mwingine!"

Nikafunga. Nikazima taa nyekundu pia, maana mkanda, tofauti na karatasi, hautaki mwanga wa aina yoyote. Tukasimama kwenye giza zito la kukatwa kwa kisu.

Nilipapasa kikasha. Ulimi ulikuwa ndani. Ule mwanzo wa mkanda unaochungulia nje ya kikasha sisi tunauita ulimi, na sheria ya baba yangu ilikuwa moja, aliyotufundisha kwa kelele: ulimi nje, mkanda una njaa, upige, ulimi ndani, umeshiba, usiuguse. Mimi siku zote niliurudisha hadi ndani. Huyu hapa pembeni yangu alikuwa mvivu. Hakupenda kubandua kikasha kwa kifungulia soda, kwa hiyo mikanda yake aliyoimaliza aliacha ulimi nje apate pa kuvutia. Baba alimgombeza hadi akachoka.

Nikabandua kifuniko. Nikauviringisha mkanda kwenye kigurudumu kwa ncha za vidole, nikisikia pumzi yake sikioni.

"Unatetemeka," akanong'ona.

"Ni baridi."

"Hakuna baridi."

"Basi ni wewe."

Akaweka kiganja chake mgongoni kwangu, kati ya mabega, pale pale alipokuwa akikiweka zamani. Sikusogea. Ningekuwa muongo nikisema nilisogea.

"Kohoeni!"

Tukakohoa. Tukacheka wote wawili, kicheko cha puani, na katika kicheko kile nilimpenda upya kabisa, mzima mzima, kama mjinga.

Nikafunga tangi, nikawasha taa, nikamimina dawa. Dakika kumi na moja za kutikisa. Wakati mkono unatikisa, kichwa kinarudi kinakotaka. Changu kikarudi kwenye siku ile.

Mama yake alikuja amevaa nguo ya kahawia, mwenye mvi zote, mwanamke mrefu aliyejua kukaa. Baba alimkaribisha kama balozi. Mimi, kwa furaha ya mtu anayeonekana na mama mkwe mtarajiwa, nilivuta droo nikachukua mkanda wenye ulimi nje, nikauvalisha kamera, nikampiga. Akiwa anakunywa chai. Akiwa na Shangazi. Akiwa peke yake kwenye kile kiti cha mbao mbele ya pazia la maporomoko ya maji, ambalo nililichora mwenyewe wiki tatu kabla kwa rangi ya mafuta. Stendi ya kamera kwetu haihamishwi. Miguu yake imepigiwa alama tatu sakafuni tangu sijazaliwa. Nilipiga thelathini na tano. Ndipo akaweka kikombe chini akasema, bila kupumua katikati, kama anayesoma barua ya ofisini:

"Mwanangu hataoa kwa watu wa picha. Binti anayezunguka kwenye harusi za wenzake na kamera, nyumba yake ataikalia lini? Tusipotezeane muda."

Mwanawe alikuwa ametazama viatu vyake. Halafu mama yule, badala ya kuinuka, akanigeukia. "Imebaki ngapi?"

"Moja," nikasema.

"Ipige."

Nikaipiga kwa hasira, sikuangalia hata kioo cha kamera. Nikaurudisha mkanda, nikautia kwenye kopo, na wiki nane baadaye mwanawe akamuoa msichana wa kwenye duka la vitambaa.

"Unawaza nini?" akaniuliza.

"Nawaza mama yako alikuja tena."

"Wapi?"

"Hapa. Miaka miwili iliyopita. Alitaka picha nzuri ya kukaa nyumbani. Alisema ile ya kitambulisho imemharibu." Niliendelea kutikisa. "Nikamwambia kamera mbovu. Na nilikuwa nimeishika mkononi. Akaitazama kamera, akanitazama, akasema, 'Sawa, mwanangu,' akaondoka."

Akanibonyeza bega tu, kwa ukarimu, kama mtu anayesamehe kwa niaba ya ukoo.

Nikamwaga dawa ya kwanza, nikaweka ya pili, nikasuuza, nikafungua tangi. Ule mkanda ukatoka unachuruzika maji, umeingia ukungu wa uzee lakini picha zipo. Nikauinua mbele ya balbu.

Mwanzoni sikuelewa nilichoona. Kiti kimoja, lakini magoti manne. Pazia langu la maporomoko, sawasawa, mstari juu ya mstari. Na juu ya kiti, mama yake ameketi ndani ya mtu mwingine. Mkono wa mama umeshika kikombe, na mkono wa pili, mwembamba, wenye bangili, unatokea kwenye kiwiko chake. Nikasogeza. Picha ya tano, ya tisa, ya kumi na mbili. Nyuma ya uso wa mama, uso mwingine unacheka. Kwenye ya ishirini huyo mwingine hakuwa peke yake: mwanamume ambaye mgongo wake niliujua alikuwa ameinama anambusu shingo, na tumbo la mama yake limepita katikati yao.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Akageuza uso kutoka kwenye balbu.

"Nimekuuliza."

"Mkanda wa zamani huo, Fundi. Miaka kumi na minne. Dawa inachoka, vitu vinaingiliana..."

"Mkanda wa zamani unaingia ukungu. Hauingii mwanamke."

"Kohoeni!" Shangazi akaita. Hakuna aliyekohoa.

Nilikuwa natazama bangili. Niliijua. Nilikuwa nimeiona mkononi kwa bibi harusi, mimi nimesimama ng'ambo ya barabara, magari yao yanapita. Na nikakumbuka kingine, maana mimi sisahau, hilo ndilo tatizo langu na watu. Nikakumbuka siku moja baada ya mama yake kuja, huyu hapa aliingia studio akapekua kila droo. Nilikuwa nalia kwenye benchi. Nilimuuliza anatafuta nini. Alisema betri.

"Hukuwa unatafuta betri," nikasema.

"Betri gani?"

"Ulikuwa unatafuta mkanda wako. Uliuacha kwenye droo, ulimi nje, kama ulivyozoea. Nikauchukua nikidhani mpya, nikampiga mama yako juu ya huyu." Nikauweka mkanda karibu na uso wake. "Uliniambia ulimwona huyu mara ya kwanza siku mama yako alipomleta nyumbani kwenu, mwezi mzima baada ya kunikataa. Hilo pazia nililitundika wiki tatu kabla mama yako hajaja hapa. Kwa hiyo hizi umezipiga ndani ya hizo wiki tatu. Kwenye kiti chetu. Kwa ufunguo aliokupa baba yangu."

Alikaa juu ya ndoo. Nilimwona akizeeka hapo hapo.

"Tulikuwa vijana," akasema.

"Mimi pia nilikuwa kijana. Sikupiga mkanda wa pili."

"Nilikupenda, Fundi. Nakuapia. Yule... ilitokea tu. Sikujua nitakwambiaje."

"Kwa hiyo mama yako akaniambia. Aligundua?"

Akakipangusa kidevu. Akatazama mlango, na mimi nikauegemea mlango.

"Hakugundua. Nilimwambia mimi." Sauti yake ikawa ndogo. "Mama hakutaka kuja. Nilimwomba siku tatu. Nilimwambia siwezi kukutazama machoni nikakwambia nimempata mwingine. Nikamwambia, 'Wewe ni mama, ukikataa wewe hakuna atakayenilaumu.'"

"Na yale maneno? Watu wa picha?"

"Fundi..."

"Yale maneno nimelala nayo miaka kumi na minne. Nataka kujua yalitoka wapi."

"Nilimwandikia. Hakujua aseme nini. Yeye alikuwa anakupenda. Aliyakariri asubuhi ile, akayasema."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mkanda hadi sakafuni, tone moja moja. Nikawaza kuhusu mwanamke mrefu mwenye mvi anayekariri matusi jikoni kwake kama shairi la shule, ili mwanawe abaki mtu mwema. Nikawaza jinsi nilivyompita sokoni nikatazama pembeni. Jinsi Shangazi alivyotema mate mara moja, kwa makusudi, karibu na kapu lake. Hakujitetea hata siku moja. Na mtoto wake, leo kwenye kaunta yangu, anasema amemsamehe.

"Toka kidogo," nikasema. "Mkanda ukauke."

Nikautundika mbele ya feni nusu saa. Alikaa nje na Shangazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Shangazi hakuwa na neno, kwa kuwa mbao za ule mlango ni nyembamba na alikuwa amesikia yote. Nilibaki naangalia mwisho wa mkanda. Alipouvalisha yeye na nilipouvalisha mimi haukukaa sawasawa, ukateleza hatua moja, kwa hiyo picha ya thelathini na sita haikuwa na mtu mwingine ndani yake. Ilikuwa ya mama peke yake.

Nikamwita. Nilitaka aone.

Nikawasha taa nyekundu, nikaweka mkanda kwenye mashine, nikairushia karatasi mwanga sekunde kumi na mbili, nikaitumbukiza kwenye dawa. Tukainama wote wawili juu ya sinia. Kwanza hakuna kitu. Halafu macho, halafu paji la uso, halafu mvi. Akaja. Miaka yote nilikuwa nimejichorea uso wake wa siku ile: ushindi, kiburi, midomo imebanwa. Haukuwa huo. Alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja, kama mtu aliyebeba mzigo wa mwingine akaombwa asiseme ni wa nani. Macho yalikuwa na maji. Aliniambia niipige ile ya mwisho, na mimi nikampiga bila kumtazama.

"Mama," akasema mwanawe. Akaanza kulia, kweli kabisa, mabega yanaruka. "Mama yangu."

Na huku analia, mkono ukaenda mfukoni. Sikuwahi kumzuia. Mkono wenyewe ulikwenda, kwa mazoea ya miaka kumi na minne ya kupiga kila kitu kabla ya kukitazama. Akatoa simu, akaielekeza kwenye sinia, kioo kikawaka cheupe, na flashi ikamulika stoo nzima.

"We!" nikapiga kelele.

Karatasi ndani ya dawa haisamehi mwanga. Uliingia weusi kutoka pembeni, ukapanda mabegani, ukafika kwenye macho. Sekunde nne, tano. Pale alipokuwa mama yake pakabaki karatasi nyeusi tii, inayong'aa kwa maji.

Aliitazama. Akatazama simu: doa jeupe, hakuna kitu.

"Tengeneza nyingine," akasema. "Fundi, si negativu ipo? Tengeneza nyingine."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nikachukua mkasi wa baba. Nikakata mkanda baada ya picha ya thelathini na tano, chaa. Nikatia kile kipande kimoja, hakizidi upana wa vidole viwili, kwenye bahasha ndogo ya pasipoti, nikampa.

"Huyo mama yako. Sina haki ya kukunyima. Nilishamnyima yeye, inatosha."

"Na nani atanisafishia? Mjini hakuna mwingine mwenye mashine."

"Zilikuwepo tatu. Mbili ulizipakia wewe kwenye mkokoteni."

"Fundi, tafadhali. Najua nimekosa. Nipige, nitukane, lakini usi... Jumamosi iliyopita ulisema utanijibu."

"Nilisema nitakujibu nikishamtazama mama yako nikaona siwezi kumchukia. Nimemtazama. Simchukii hata kidogo." Nikafungua mlango, mwanga wa alasiri ukaingia. "Chuki yote imehama."

Akasimama na bahasha yake. Alinitazama kwa yale macho ambayo yalikuwa yananiweza, na ningependa kuandika kwamba siku hiyo hayakuniweza. Yaliniweza. Nikashika ukingo wa sinia hadi yakapita.

Mlangoni pa studio alisimama, akatoa kile kipande, akakiinua kuelekea jua. Najua alichokiona, kwa kuwa negativu hugeuza kila kitu: uso wa mama yake umekuwa mweupe hautambuliki, na mvi zake zote zimekuwa nyeusi, kama mwanamke ambaye bado hajamzaa mtu. Akakiangalia muda mrefu. Akavuka barabara, kiatu cha kushoto kinaburuta.

Baba, kwenye kiti chake, mkono unamtetemeka juu ya paja, akasema kwa shida, neno moja baada ya jingine:

"Nilimwambia. Ulimi. Aingize ndani."

"Ulimwambia, Baba."

Shangazi alikuwa bado ameshika sindano ileile, uzi haujapita. Alikuwa amevua miwani.

"Nilimtemea mate," akasema. "Karibu na kapu lake. Alikuwa amenunua vitunguu."

"Nakumbuka."

"Akaniambia, 'Habari za nyumbani, dada?' Nami nikatema." Akapangusa macho kwa kiganja. "Wewe unajua alipozikwa?"

"Sijui. Sikwenda."

"Nenda ukamuulize yule mbwa kabla hajafunga duka."

Nikautundika ule mkanda wa picha thelathini na tano za watu wawili mahali pake, nikanawa dawa mikononi, nikavuka barabara kwenda kumuuliza Bwana Futa jambo la mwisho nililokuwa nalitaka kwake maishani.